Aliyechuma Majani Shambani kwa Kaka

JUMATANO, SAA 9:20 ALASIRI

"Funga mlango," Shangazi alisema. "Na huo mluzi wako ufunge pia."

Usukani akaacha kupiga mluzi. Akausukuma mlango kwa kisigino.

Kilikuwa chumba cha nyuma, nyuma ya karakana ya kutengeneza cherehani. Vichwa vya mashine vimepangwa rafuni, vingine havina sindano, vingine havina gurudumu. Dirisha moja tu, nalo limezibwa kwa marobota ya vitambaa. Kule mbele Shangazi alikuwa fundi kweli kweli. Mashine iliyokufa miaka mitano aliifufua kwa bisibisi moja. Huku nyuma alikuwa kitu kingine. Miaka thelathini ya kuvunja maghala ya watu, na hajawahi kulala mahabusu hata siku moja. Hakuwa shangazi wa yeyote pale. Lakini ungemwitaje mama wa miaka sitini na kitu, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, na bastola ndani ya mkoba pamoja na uzi na vifungo?

Alitandika kitambaa cheusi mezani. Akachukua chaki ya kukatia nguo, akachora. Ramani zake zote alizichora hivyo. Mkimaliza, anakikung'uta kitambaa, kwisha habari.

"Hili geti. Hizi ofisi. Huku nyuma, maabara. Ubavuni mwa maabara, chumba cha baridi. Ndani ya chumba cha baridi kuna kingine, kidogo, cha kugandisha. Mzigo uko humo. Makopo kumi na mawili."

"Ya mahindi," Usukani alisema. Alikuwa dereva, shingo nene, mcheshi hata pasipofaa. "Nimeiba magari. Nimeiba nyaya. Nimeiba jeneza, tena mwenyewe akiwa ndani. Lakini mahindi? Mama yangu akisikia atanicheka."

"Ni wazazi wa mahindi," Shangazi alisema. "Ile mbegu yao ya vinasaba, inayotangazwa kila siku kwamba funza haigusi, inazalishwa kutokana na haya. Bila haya, kampuni haina mbegu ya mwakani. Kuna mtu anayataka. Ni nani, hayakuhusu. Barafu, sema yako."

Barafu alikuwa fundi wa majokofu, ndiyo maana ya jina. Kampuni yake ndogo ndiyo iliyoajiriwa kuhudumia chumba kile cha baridi. Alisema kwa ufupi. Jumatatu alipokwenda kwa matengenezo ya kawaida alilegeza waya wa kipima joto. Kufika kesho king'ora kitaanza kulia. Ijumaa ataitwa. Na Ijumaa ni siku ya wakulima: wafanyakazi wote, walinzi karibu wote, watakuwa hemani kwenye mjadala.

"Mjadala wa nini?" Usukani aliuliza.

"Mbegu za vinasaba, tuzipokee au tuzikatae." Aliyejibu alikuwa Shemeji, mtu wao wa ndani. Mwembamba, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Alikuwa karani wa sampuli pale kampuni, na alikuwa amemwoa dada mdogo wa Barafu. Barafu alimwita shemeji, na wengine nao wakamwita hivyo hivyo.

"Sasa kuna nini cha kujadili?" Usukani alisema. "Mke wangu anapanda hayo hayo. Miaka saba alikuwa anapuliza dawa, anarudi macho mekundu, anakohoa mpaka jirani analalamika. Leo bomba la dawa limejaa buibui. Mtu asiniambie habari za sumu."

"Nani kasema sumu?" Barafu aliuliza.

"Kaka yako alisema."

"Kaka yangu alisema aachiwe ya kwake. Basi." Barafu alimkazia macho. "Mkeo akivuna, anaweka mbegu ya mwakani?"

"Haruhusiwi. Ananunua."

"Na akiweka?"

Wote walijua jibu. Kaka mkubwa wa Barafu hakununua mbegu ya mtu maisha yake yote. Alipanda mahindi aliyoachiwa na mama yao, punje nyekundu zenye mstari mweupe, aliyoyachagua gunzi kwa gunzi kila mavuno. Halafu siku moja watu wa kampuni walikuja na karatasi ya maabara: majani ya shamba lako yamepimwa, yamekutwa na vinasaba vyetu, wewe ni mwizi. Chavua ilikuwa imepeperuka kutoka shamba la pili. Mahakama haikutaka habari za upepo. Ghala likafagiliwa, mbegu ikachomwa, ikabaki debe moja la ushahidi. Kaka akawa anakaa kwenye ghala tupu kutwa nzima, chakula hagusi. Miezi mitatu, presha ikamwangusha.

Barafu hakutaka makopo kumi na mawili. Alitaka vitu viwili: debe lile la mbegu ya mama, na jina la aliyechuma majani. Maana wapimaji wa kampuni kaka aliwatimua mara mbili kwa panga. Na karatasi ilisema majani yametoka mistari ya katikati. Mgeni hafiki katikati ya shamba lile bila kuonekana. Mtu wa nyumbani anafika. Wiki ile ile majani yalipochumwa, Shemeji alikuja kutembea, akaonekana akizurura shambani mikono mfukoni.

"Boksi la kesi ya kaka lipo?" Barafu alimuuliza.

"Lipo. Rafu ya chini." Shemeji alikuwa anatazama chaki. "Debe lipo, na karatasi zote. Mwenyewe utaziona."

"Jina la aliyechuma liko humo?"

"Liko."

"Nitajie sasa."

Shemeji akatikisa kichwa. "Utasoma mwenyewe."

Barafu akacheka kidogo, bila furaha. Mtu asiye na hatia angetaja jina pale pale. Ndivyo alivyojiambia, na tangu dakika ile roho yake ikafanya uamuzi wake bila kumuuliza mtu.

Shangazi akakikung'uta kitambaa.

IJUMAA, SAA 3:45 ASUBUHI

"Fundi, hilo jokofu lenu limetuua masikio," mlinzi wa getini alisema. "Tangu jana linalia tu."

"Linataka mapenzi," Usukani alimjibu kutoka kwenye usukani. Mlinzi akacheka, akafungua geti. Kigari cha mafundi kikapita, ngazi juu, mitungi ya gesi nyuma.

Simu hawakuwa nazo. Shangazi alizikusanya zote asubuhi akazitia kwenye kopo la vifungo, ndiyo kawaida yake siku ya kazi. Ishara ingepita kwenye vipaza sauti. Yeye alikuwa hemani tangu saa tatu, amejifunga kilemba kama mkulima mwenye ekari zake. Pale atakaposhika kipaza sauti na kuuliza swali, wajue zimebaki dakika kumi kabla wageni hawajaanza kutembezwa maabara.

Barafu alimwona dada yake kwa mbali. Wafanyakazi waliruhusiwa kuja na familia. Alikuwa anapanga viti, akainua mkono kumsalimia. Barafu aliinua wake, akageuka haraka.

SAA 4:08

Chumba cha baridi kilinguruma. King'ora Barafu alikizima kwa kidole kimoja. Shemeji alikuja na kadi yake, akafungua mlango wa ndani, mlango mnene kama godoro. Ukungu ukamwagika sakafuni. Nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.

Walifanya kazi bila maneno. Shemeji anatoa kopo, anaweka jingine lililofanana nalo lenye mahindi ya sokoni. Usukani anapokea, anapanga kwenye sanduku la vipuri, anakwenda garini, anarudi.

Nje vipaza sauti vilikuwa vimepamba moto.

"Mimi nilikuwa navuna gunia nne," mwanamke mmoja alisema, sauti imejaa hema zima. "Sasa navuna kumi na moja. Anayetaka kunirudisha kwenye nne, aje alishe wanangu yeye!"

Makofi.

"Hongera, dada," mwanamume akajibu. "Na mimi jirani yako niliyepanda ya babu yangu? Chavua yako inaingia kwangu bila hodi. Niiwekee kitasa?"

Makofi makubwa zaidi. Wote wawili walisema kweli, Barafu mwenyewe alilijua hilo, na lilimkera kupita kiasi.

Alipiga magoti kwenye mlango wa ndani kana kwamba anakagua mpira wake. Upande wa ndani kulikuwa na kitufe cha dharura, cha kumwokoa mtu akifungiwa. Skrubu mbili tu. Alizifungua, akazitia mfukoni, akakirudisha kitufe pale pale kwa kukibandika. Ukikitazama, kizima. Ukikisukuma, hakuna kitu.

Alifuta vidole kwenye suruali, akasimama.

SAA 4:27

Kopo la mwisho lilitoka, Usukani akaenda nalo garini. Shemeji akavuta boksi la kahawia kutoka rafu ya chini, namba ya kesi ubavuni. Akalishika mbele ya kifua chake.

"Hili lako," alisema. Pumzi yake ilionekana. "Karatasi iko juu kabisa. Isome kwanza kabla hujafanya lolote. Kabla hujaondoka hapa."

"Sina muda wa kusoma hapa."

"Ni dakika moja, shemeji. Mimi siwezi kukwambia kwa mdomo. Nilikula kiapo. Ndiyo sababu nimekuingiza humu, uone kwa macho yako."

"Kiapo kwa nani? Kwa hao wanaokulipa?"

"Soma."

Nje, kipaza sauti kilikoroma. Halafu sauti waliyoijua.

"Mimi ni mama mjane, mkulima mdogo," Shangazi alisema. Uongo mtupu, hajawahi kupanda hata mchicha. "Naomba mniulizie meneja. Upepo ukileta chavua yenu kwangu, mwizi nani? Mimi au upepo?"

Watu wakacheka.

"Mama, upepo hatuwezi kuushtaki," meneja alijibu, na hema zima likaangua kicheko. "Lakini anayeweka mbegu ile na kuipanda tena, huyo sheria inamjua."

Wakacheka tena. Barafu alisimama na boksi mkononi akisikiliza kicheko kile. Kaka yake alichekwa hivyo hivyo mahakamani, alipomuuliza hakimu kama nyuki naye ataitwa kutoa ushahidi. Damu ikamchemka. Aliiona tena ile siku ya maziko, Shemeji amesimama kando ya kaburi, kalamu mfukoni, hamtazami mtu machoni.

"Kuna kopo limebaki," Barafu alisema. "Kule nyuma, chini."

"Yote kumi na mawili nimetoa."

"Nimehesabu kumi na moja."

Shemeji aliguna, akaingia. Akainama kutazama chini ya rafu.

Barafu akasukuma mlango.

Haukupiga kelele. Milango ile haipigi kelele. Alichomoa pini ya mpini wa nje, mpini ukabaki unazunguka bure, pini akaitia mfukoni pamoja na skrubu. Kutoka ndani ilisikika ngumi, ndogo, ya mbali sana. Moja. Mbili. Halafu injini ya jokofu ikawaka na haikusikika tena.

Alitundika kibao mlangoni: MBOVU, FUNDI YUPO KAZINI.

"Hapo ndipo kaka alipofikia," aliuambia mlango. "Peke yake, hakuna anayemsikia."

SAA 4:46

Walimchukua Shangazi njia panda. Alipanda nyuma na mkoba wake, akavua kilemba, akafungua sanduku la vipuri na kuguna kwa kuridhika.

"Shemeji sikumwona akirudi hemani," alisema.

"Yupo mahali pake," Barafu alijibu.

Usukani alimtazama kwenye kioo. "Mahali gani?"

Barafu alikuwa ameketi sakafuni, boksi mapajani. Alikata utepe kwa bisibisi. Debe lilikuwepo. Alilifungua kidogo, na zile hapo punje za mama, nyekundu, mstari mweupe, baridi bado. Alitia vidole, akaziacha zipite katikati yake.

Kisha akaichukua karatasi ya juu.

Ilikuwa fomu ya kampuni. *Upimaji wa bure kwa mkulima. Lete majani, upate cheti.* Tarehe ya siku ya wakulima ya mwaka juzi. Nafasi zilijazwa kwa kalamu iliyokandamizwa mpaka karatasi ikatoboka kwenye nukta. Barafu alizijua herufi zile kabla hajazisoma. Yeye mwenyewe alifundishwa kuandika na mkono ule, kwa kijiti, kwenye mchanga wa uani.

*Aliyechuma majani:* jina la kaka yake, na jina la baba yao.

*Uhusiano na shamba: mwenyewe.*

*Sababu ya kuleta: Nataka cheti kwamba mahindi ya mama yangu hayajaguswa, niwaonyeshe wanaobisha.*

Chini, kwa maandishi madogo ya mashine, palikuwa na maneno kwamba mwenye shamba anakubali majibu yatumiwe na kampuni kwa njia yoyote. Saini ya kaka. Na saini ya karani aliyepokea.

Aliisoma mara tatu.

Alijipeleka mwenyewe. Kaka, aliyewatimua kwa panga, aliiamini mbegu ya mama kiasi cha kwenda kwa miguu yake kuwaomba waandike kwamba ni safi. Na yaliporudi yale majibu aliona aibu. Alimwapisha karani, shemeji yake, asimwambie mtu. Karani akanyamaza. Mwaka mzima ukweni wanamtazama kwa jicho baya, naye amenyamaza.

"Geuza gari," Barafu alisema.

"Nini?" Usukani.

"Geuza! Nimemfungia Shemeji kwenye chumba cha kugandisha."

Kigari kiliyumba. "Umefanya nini wewe? Mume wa dada yako? Yule ana watoto wawili!"

"Najua ana watoto wawili! Geuza!"

"Endesha," Shangazi alisema.

Hakupandisha sauti. Alikuwa amevaa miwani yake, amenyoosha mkono akaichukua ile fomu, akaisoma, akairudisha. "Pole," alisema, na huenda alimaanisha. "Lakini yaliyopita yamepita. Yule ndiye pekee kule anayenijua sura. Ulimfungia kwa sababu zako, mimi naipokea kazi yako. Usukani, endesha."

"Yuko hai bado," Barafu alisema. "Nusu saa haijafika. Mtu anaweza kukaa humo saa nzima kama anajua kujikunja."

"Tutafute simu basi, tuwapigie," Usukani alisema. "Wamfungulie!"

"Hawawezi." Barafu alitoa pini mfukoni. "Bila hii, mpini unazunguka bure. Kuuvunja ni kazi ya saa mbili."

Usukani aliitazama pini kwenye kioo. Akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, mitungi ikagongana, kigari kikasimama kando ya barabara.

"Mimi ni mwizi," alisema, jasho linamtoka. "Mwizi tu. Mambo ya kugandisha watu hatukukubaliana."

Bastola ilikuwa imekwisha toka kwenye mkoba. Ilimgusa Usukani nyuma ya sikio.

"Barafu atashuka," Shangazi alisema. "Nenda ukafe na shemeji yako, sikuzuii. Boksi linabaki. Ukitaja jina langu popote, debe hili linakwenda mashine ya kusaga, liwe unga. Umenielewa? Hakuna nyingine duniani."

Alikuwa anasema kweli. Ile ndiyo iliyobaki. Miaka ya mama, miaka ya kaka, debe moja.

Barafu alifungua mlango wa ubavuni. Mguu mmoja chini. Halafu mkono ukamshinda. Akaurudisha ndani, akaudaka ukingo wa debe, akavuta.

Kwa miaka thelathini Shangazi hakuwahi kufyatua. Siku ile alifyatua mara moja.

Barafu alianguka mgongo kwenye changarawe. Kigari kiliondoka mlango wazi. Mkono wa kushoto ulikuwa na tundu juu ya kiwiko, na damu ilikuwa inakwenda vidoleni. Punje mbili tatu zilikuwa zimemwagika barabarani. Hakuziokota. Alipapasa mfuko kwa mkono wa kulia. Pini ilikuwepo. Akainuka, akaanza kukimbia alikotoka.

SAA 5:12

Mzee mmoja mwenye gari la mizigo alisimama, amechelewa mjadala, viazi nyuma.

"Umegongwa?"

"Kampuni ya mbegu, kwenye mjadala. Haraka, baba, nakuomba. Kuna mtu anakufa."

Mzee aliona damu, akakanyaga mafuta. Alikuwa na maneno mengi kwa sababu ya woga. Alisema yeye mahindi mapya hayataki ila mwanawe anayataka, nyumba imegawanyika, hawali meza moja. "Wewe unasemaje, mwanangu?"

"Endesha tu, baba."

Barafu alikuwa anahesabu. Saa nne na nusu mpaka sasa. Shati jepesi. Shemeji hana nyama mwilini. Kwanza vidole, halafu usingizi unakuja, mtamu kabisa. Mtu anaacha kutetemeka na anaona joto. Akishafika hapo, basi. Yeye ndiye aliyewafundisha wafanyakazi wa kampuni mambo hayo, mwaka jana, ubaoni.

SAA 5:34

Wageni walikuwa wamejaa kwenye ukumbi wa maabara. Meneja alikuwa amesimama mbele ya mlango, uso umemvimba kwa hasira.

"Fundi! Unatuachia mlango mbovu siku kama ya leo?" Halafu akaiona damu. "Nini hii?"

Dada yake alikuwa pale pale, nyuma ya meneja.

"Kaka, mume wangu umemwona? Simpati kabisa. Kaka, umeumia!"

Barafu alimpita. Alipiga magoti, akajaribu kuingiza pini. Mkono mmoja ulikuwa haufanyi kazi, wa pili ulikuwa na utelezi wa damu. Pini ikaanguka. Akaiokota. Ikaanguka tena. Meno yakaishika, ulimi ukaisukuma, ikaingia tundu lake.

"Vuta!" alimfokea mlinzi. "Vuta, usinitazame!"

Mlinzi alivuta. Ukungu ukawamwagikia miguuni.

Shemeji alikuwa kwenye kona. Alikuwa amejifunika magunia matupu ya sampuli, amejikunja, mikono kwapani, kama alivyofundishwa ubaoni. Kope zake zilikuwa nyeupe. Alikuwa anatetemeka. Barafu aliona kule kutetemeka, akaketi sakafuni.

Walimtoa. Dada alipiga yowe moja, akamwangukia mumewe.

"Nani amekufungia humu?" mlinzi mkuu aliuliza. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye pingu. "Ulikuwa na nani?"

Midomo ya Shemeji haikutaka kufunguka. Alimtafuta Barafu kwa macho mpaka akampata.

"Umesoma?"

"Nimesoma," Barafu alisema. "Nisamehe."

Shemeji alikuwa amenyamaza mwaka mzima kwa ajili ya marehemu. Alitoa mkono mmoja kwapani, vidole vimekuwa vyeupe kama chaki, akaunyoosha.

"Huyu," alisema. "Kanifungia huyu. Makopo ya kampuni wameiba, wameongozwa na fundi wa cherehani. Na mimi niliwafungulia. Andika yote."

Dada aligeuka polepole. Alimwangalia kaka yake kama mtu asiyemfahamu.

Barafu hakubisha. Akili yake ilikwenda mara moja kwenye mashine ya kusaga, kwenye punje nyekundu zikigeuka unga, halafu ikarudi. Alinyoosha mikono, mzima na mbovu, akafungwa pingu. Walipokuwa wanamwinua alimwona dada yake akisugua vidole vya mumewe kwa nguvu, akilia, akivipulizia pumzi.

"Usisugue," alimwambia. "Ngozi itachubuka yote. Mkumbatie tu, alale kifuani kwako."

"Wewe usiniambie kitu!" dada alipiga kelele. "Usiniambie kitu kabisa!"

Lakini aliacha kusugua. Akafungua vifungo vya gauni lake mbele ya watu wote, akaitia ile mikono ndani, kifuani, akamkumbatia.